Karatasi ya maulizo peke yake haitoshi: yale sisi wa agronomi tunaweza kujifunza kwa watu wa antropolojia

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tano, mvua ikishakwisha na barabara ya Kasenga ikianza kutoa vumbi, wanafunzi wa agronomi wanatoka Lubumbashi na karatasi mkononi. Ni msimu wa enketi. Mmoja anatafuta namna ya kumaliza TFC yake. Mwingine ameshamaliza licence na amepata kakazi ka siku kumi kwa shirika fulani: kuuliza watu, kujaza karatasi ao telefone, kurudisha. Jioni unasikia: "Nimepiga watu 15 leo." Mtu akipiga 20, ndiye bingwa.

Mimi pia ni mtu wa agronomi, na kazi hiyo naijua vizuri. Leo sitaki kucheka mtu. Nataka kuelezea namna watu wa antropolojia wanafanya kazi ya tereni, kwa maneno yetu, na mifano mingi itatoka hapa kwetu Katanga. Huenda hujui, lakini muji wetu uko na jina kubwa katika elimu hiyo. Kuna vitabu vinasomwa Marekani na Ulaya ambavyo vimetoka kwenye maongezi ya watu wa Lubumbashi, kwa Kiswahili chetu hiki tunachokiita cha barabarani.

Kwa nini jambo hili ni zito

Utasema: mimi nahesabu mahindi, mambo ya mila yananihusu nini? Sikiliza. Zile karatasi tunazojaza hazilali kabatini tu. Kwa karatasi hizo watu wanaamua kijiji gani kitapata mbegu na mbolea. Na huku kwetu kuna jambo lingine: kampuni ya madini ikitaka kuchimba mahali ambapo watu wanalima, sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyosahihishwa mwaka 2018, inadai wale wanaotumia udongo walipwe. Kabla ya kulipa, lazima kuhesabu. Nani anatumwa kuhesabu mashamba? Mara nyingi ni mtu wa agronomi, kijana kama wewe na mimi.

Sasa fikiri. Karatasi inauliza: "Uko na hektari ngapi zenye mazao?" Mama anajibu nusu hektari. Lakini kando yake kuna kipande alichokiacha kipumzike miaka mitatu ili udongo upate nguvu. Karatasi inaona kichaka tu. Kuna msitu ambamo anaokota bowa wakati wa mvua, anachimba chikanda, anatafuta viwavi vya kula na kuuza. Karatasi haina mstari wa vitu hivyo. Kisichoandikwa hakitalipwa. Yule aliyejaza karatasi hakusema uongo hata kidogo. Ni ulizo lenyewe ambalo lilikata shamba la mama vipande na kuhesabu kimoja.

Watu wanajua karatasi mbele yako

Jambo la kwanza ambalo watu wa antropolojia wanafundisha: ukifika kijijini, wewe si wa kwanza. Uliza nani amepita pale mbele yako, na alikuja kufanya nini.

Kwa sisi wa agronomi, historia hiyo ni chungu. Toka mwaka 1917, utawala wa Wabelgiji ulilazimisha wanakijiji kulima mazao fulani, na siku 60 za kazi kwa mwaka. Mtu aliyekuja kupima shamba alikuwa na nguvu ya kuleta adhabu: faini, hata kifungo. Alikuja na daftari, akauliza shamba ni kubwa namna gani, akaandika jina. Wazee wa leo walisikia hayo kwa wazazi wao. Kwa hiyo ukifika na kofia yako, ukauliza "Shamba lako ni hektari ngapi?", mzee anasikia sauti mbili: yako, na ya yule wa zamani. Kisha kuna wale wa karibuni: watu wa kodi, watu wa kampuni, watu wa uchaguzi, watu wa mashirika. Kila mmoja alikuja na karatasi.

Ndiyo maana mtu anapima wewe mbele hujampima yeye. Akiona wewe ni mtu wa kodi, shamba linakuwa dogo. Akiona wewe ni mtu wa kugawa mbolea, shamba linakuwa kubwa. Hapo si wizi. Ni akili ya mtu aliyeona mengi. Ukiandika jibu, andika pia huyo mtu alifikiri wewe ni nani. Bila hiyo, namba yako haina maana.

Kukaa

Chombo kikubwa cha antropolojia ni kukaa. Bronislaw Malinowski alikaa visiwa vya Trobriand, upande wa Papua, kati ya mwaka 1915 na 1918, akajifunza lugha ya pale na kuandika maisha ya kila siku. Kitabu chake cha 1922 kikawa kama sheria: ishi na watu, fanya kazi pamoja nao, ona mambo yanapotokea, usingoje tu kuelezwa. Mmoja wa wanafunzi wake London alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye mwaka 1938 alitoa kitabu juu ya Wakikuyu, watu wake mwenyewe. Kwa hiyo usifikiri kazi hii ni ya wageni peke yao. Mwana wa nyumbani anaweza kuifanya, mradi akubali kuuliza hata yale anayofikiri anayajua.

Kukaa kunafanya nini? Siku ya kwanza watu wanakuonyesha yale wanayotaka uone. Siku ya nne wamechoka kukuonyesha, wanarudia maisha yao. Hapo ndipo unaona nani anaamka saa kumi kwenda shambani, nani anashika feza za soko, nani anaamuru mbegu ipandwe lini.

Nimeona hii kwa macho yangu katika kijiji kimoja upande wa Kasenga. Asubuhi baba mwenye nyumba alitujibu maulizo yote: shamba ni langu, nimepanda mahindi, nimetumia mbolea kiasi hiki. Karatasi ikajaa, safi kabisa. Mchana niliomba kwenda shambani na mke wake. Njiani akanionyesha: hapa ni mahindi ya baba, hapa ni mihogo yangu, hapa karanga zangu na za dada yangu, pale chini karibu na maji matembele na lengalenga ya kuuza. Mbolea ya baba? Akacheka. Mifuko miwili kati ya minne ilikuwa imeuzwa ili kulipa masomo ya watoto. Hakuna aliyedanganya. Tulimuuliza mmoja tu, tukiwa tumekaa kwenye kiti.

Neno "kula"

Mfano mzuri zaidi kwa sisi wa chakula unatoka kwa jirani zetu. Mwingereza Audrey Richards alifanya kazi kwa Wabemba, kaskazini ya nchi ambayo leo ni Zambia, miaka ya 1930 na kitu, na mwaka 1939 akatoa kitabu juu ya udongo, kazi na chakula. Alipima vyungu, alipima unga, aliandika nani anakula na nani. Na akaona jambo hili: mtu anaweza kuwa na mahindi ya kuchoma mkononi, anatafuna, na wakati ule ule anasema hajakula siku nzima. Kwa Mbemba, kula ni kula ubwali. Kingine chote ni kupitisha wakati.

Hapa Lubumbashi hakuna haja ya kuelezea. Mtoto amekula mkate, miwa na ndizi, muulize jioni, atakujibu: "Hatuyakula leo." Anamaanisha bukari haijapikwa. Sasa weka hiyo kwenye enketi ya chakula: "Jana mlikula mara ngapi?" Mama anajibu mara moja. Unaandika 1. Huko juu mtu anasoma: njaa kali. Ao kinyume: unauliza mwezi wa sita, magunia bado yapo, wanajibu mara mbili, na ofisini wanaandika mambo ni mazuri, wakati mwezi wa kwanza watu wale wale wanapima unga kwa kikombe.

Watu wa kwetu walifanya kazi juu ya hayo. Kitabu Byakula, kilichotoka Brussels mwaka 2004 chini ya uongozi wa Pierre Petit, kinahusu kabisa chakula cha watu wa Lubumbashi. Angalia hata jina: hawakutafuta neno la Kifaransa. Walichukua neno la nyumbani, sababu ndani ya neno lile ndimo mna mambo yenyewe.

Na Richards anatufundisha jambo la pili. Alifikiri wanaume wakienda kwenye migodi ya shaba, kilimo cha kukata miti na kuchoma kitaanguka, maana kazi ya kupanda juu ya mti ni ya wanaume. Mwaka 1994 Henrietta Moore na Megan Vaughan walitoa kitabu kingine juu ya eneo lile lile. Walionyesha kwamba watu, hasa wamama, walikuwa na njia nyingine nyingi: mihogo, mashamba ya matuta, kusaidiana kazi. Richards alikuwa mwangalifu sana, na bado kazi yake ikarudiliwa na kusahihishwa. Iliwezekana kusahihisha kwa sababu aliandika kila kitu: siku, kipimo, nani alikuwepo. Mtu akiandika namba ya mwisho tu, hakuna wa kumsahihisha.

Ulizo linapita mito mitatu

Angalia safari ya ulizo letu. Linaandikwa kwa Kifaransa ofisini. Wewe unaligeuza kwa Kiswahili kichwani, papo hapo, ukiwa umechoka na jua. Mzee analigeuza kwa Kibemba ao Kisanga moyoni, anajibu kwa Kiswahili, na wewe unaandika kwa Kifaransa. Kila mto unabeba kitu.

Chukua neno moja tu, lile ambalo karatasi zote zinaanza nalo: idadi ya watu wa nyumba. Nyumba ni nini? Wale wanaolala chini ya bati moja? Wale wanaokula bukari ya chungu kimoja? Mtoto wa kaka aliyekuja kusoma? Baba ambaye yuko Kolwezi na anatuma feza? Watu wawili wa enketi, siku moja, nyumba moja, wanaweza kuleta 5 na 9. Dawa yake ni ndogo: kaeni timu nzima siku moja kabla ya kuondoka, chagueni pamoja neno la Kiswahili kwa kila ulizo, mjaribu kwa mama mmoja wa mtaani, kisha muandike. Na jibu la mtu liandike kwa maneno yake mwenyewe. Kifaransa kitakuja usiku.

Hapa kuna hadithi ya kweli ya muji wetu. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa ajili ya chama cha wale waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Aliandika kwa Kiswahili vile kinasemwa, bila sheria ya shule, maneno yameungana. Johannes Fabian, mwana-antropolojia aliyefundisha hapa Lubumbashi miaka ya 1970, alipotaka kuielewa, macho peke yake hayakutosha. Ikabidi Kalundi Mango, mtu wa lugha hii, asome andiko kwa sauti. Sauti ndiyo iliyoonyesha neno linaanzia wapi na linaishia wapi. Kazi hiyo ilitoka mwaka 1990, na leo ni moja ya maandishi makubwa ya historia yetu yaliyotoka mkononi mwa mtu mdogo. Kama angesahihishwa kwa Kiswahili bora tangu mwanzo, tungepoteza nusu.

Majibu yasiyokuwa na ulizo

Fabian huyo huyo alieleza jambo ambalo limenibadilisha kichwa. Mwaka 1986 alirudi Lubumbashi, na katika maongezi juu ya filigisi ya kuku, ile ambayo inapewa mkubwa, akasikia methali inayosema kwamba mamlaka inaliwa nzima, haikatwi. Akaanza kuuliza watu: maana yake nini? Kila mtu na jibu lake. Alipofikisha ulizo kwa wachezaji wa tiatri wa kundi la Mufwankolo, wao hawakumpa jibu. Walichukua methali, wakaitengenezea mchezo mzima, wakabishana juu yake, wakaucheza mbele ya watu. Fabian akaona kwamba kuna ujuzi ambao mtu hawezi kukupa kama jibu, hata akitaka. Anaweza tu kuufanya, na wewe uwepo pale.

Sawasawa na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Miaka ya 1973 na 1974 alimletea Fabian picha karibu 100 za historia ya Zaire, na akazielezea moja moja mbele ya mashine ya kunasa sauti. Tshibumba alisema wazi kwamba yeye ni mwanahistoria. Karatasi ya maulizo ingemwandika "mchoraji".

Kwa upande wetu: mama hawezi kukujibu "mbegu nzuri ni ipi?" kwa mstari mmoja. Lakini mpe magunzi kumi ya mahindi, mwambie achague ya kupanda, na akuambie anavyofikiri wakati anachagua. Mwombe mzee achore udongo wa kijiji chini kwa fimbo: wapi mweusi, wapi mwekundu, wapi kichuguu. Utapata ramani ambayo haiko maktabani. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa UNILU, amefanya kazi kwa miaka mingi na hadithi za maisha za wafanyakazi wa Union Minière na Gécamines. Mtu anapoelezea maisha yake tangu utoto, anakupa sababu ya mambo, wakati karatasi inakupa mambo bila sababu.

Daftari

Kila jioni, kabla ya kulala, andika. Usingoje kesho, kesho utakuwa umesahau nusu na nusu nyingine umeitengeneza. Gawa ukurasa mara tatu: yale niliyoona, yale niliyosikia (na kwa nani), yale ninayofikiri. Mtu akikuambia meka tano za mahindi, hiyo ni ya kusikia. Ukipima mwenyewe kwa kilo, hiyo ni ya kuona, na pima pia meka yenyewe, sababu meka ya soko moja si sawa na meka ya soko lingine. Ukisema "wanaficha", hiyo ni ya kufikiri, iache upande wake.

Ruhusa, siri, na kurudisha

Mtu anayekujibu iko na haki ya kujua unafanya nini, kwa nani, na kwamba anaweza kukataa. Mwambie wazi: sina mbegu, sina feza, mimi ni mwanafunzi. Utapoteza wengine, watakaobaki watakuambia kweli.

Majina yafiche. Hili si jambo la vitabuni tu. Ukiandika orodha ya wanaochoma makala na majina yao, orodha ile ikaangukia kwa mtu anayetafuta feza ya haraka, wewe ndiye umewauza. Tumia namba, na ufunguo wa namba ukae kwako peke yako.

Kisha rudi. Fabian katika kitabu chake cha 1983 aligombeza wenzake: mnakaa na watu, mnakula nao, mnaongea nao wakati mmoja, lakini mkiandika mnawaweka zamani, kama watu wa wakati mwingine. Sisi nasi tunafanya hivyo tukiandika "mkulima wa kienyeji bado anatumia…" Neno hilo "bado" linafanya kazi mbaya. Mama yule iko kwenye mwaka wetu huu: anajua bei ya unga wa Zambia kabla yako, na anaona malori ya madini yakipita kila siku. Ukimaliza, rudi umsomee ulichoandika. Atakusahihisha, na sahihisho lake liingie kwenye memwari.

Kama uko na siku kumi tu

Najua hali yetu. Hakuna feza ya kukaa mwaka. Lakini siku kumi zinaweza kugawanyika namna nyingine. Siku mbili za kwanza, weka karatasi ndani ya mfuko. Salimia mukubwa wa kijiji, tembea, uliza nani alipita hapa mbele yako. Siku tatu, fuata nyumba tatu tangu asubuhi mpaka jioni: moja ya baba na mama, moja ya mjane, moja ya mtu aliyekuja juzi. Siku ya sita, sahihisha karatasi yako kwa yale uliyoyaona. Ongeza mistari ya kichaka kinachopumzika, ya msitu, ya shamba la mama. Siku tatu, uliza sasa, nyumba 30 zinatosha, na kila nyumba wasemi wawili. Siku ya kumi, kusanya watu chini ya mwembe, wasomee matokeo, andika wanavyobisha.

Utarudi na karatasi chache kuliko mwenzako aliyepiga 20 kwa siku. Mwalimu anayesimamia kazi yako anaweza kuuliza kwa nini. Mfungulie daftari, umuonyeshe ukurasa wa shamba la yule mama: hapa pa baba, hapa pa mama, hapa panapopumzika. Halafu muulize, kampuni ikija kesho, ni ukurasa gani angependa uwe umeandikwa.